Muhogo au kiazi kitamu: kipi kinafaa nyumbani kwako?

Swali la muhogo na kiazi kitamu huulizwa na watu wenye shida tofauti. Mama ana mtoto wa miezi minane aliyeanza kula vyakula vya nyumbani. Mzee amepimwa sukari, kaambiwa apunguze wanga, na kila asubuhi mezani kuna kimojawapo pamoja na chai. Familia nyingine inatazama bei ya sembe na kujiuliza itafikaje mwisho wa mwezi. Hao wote hawawezi kupewa jibu moja, ndiyo maana sitatangaza mshindi. Nitaviweka vyote viwili kwenye mizani ileile, kila mtu achukue kinachomhusu.

Hata hivyo, lipo jambo ninaloliamini tangu mwanzo na sitalificha: kwa upande wa lishe, rangi ya nyama ya kiazi ina uzito kuliko jina la zao. Mtu anayeacha muhogo na kuhamia kiazi kitamu cheupe akidhani amepata vitamini, hajapata alichokifuata.

Tutapima nini

Vigezo nilivyochagua vinamgusa mlaji. Kwanza ni nguvu anayoipata na muda anaokaa ameshiba. Halafu protini, kisha vitamini A na virutubisho vingine. Baada ya hapo tutaangalia chakula kinavyopandisha sukari kwenye damu, usalama wake na kazi ya kukiandaa, majani yake kama mboga, na mwisho namna kinavyotunzika baada ya kuvunwa. Bei nimeiacha, kwa sababu inabadilika kwa msimu na kwa mji, na ya sokoni kwako unaijua wewe.

Namba zilizo hapa chini ni wastani wa majedwali ya chakula. Mbegu, udongo na umri wa zao vinaweza kuzisogeza juu au chini. Tena viazi vitamu haviko namna moja: vipo vyenye nyama nyeupe, vya manjano hafifu, vya zambarau, na vile vya rangi ya chungwa ambavyo Tanzania tunaviita viazi lishe. Jedwali linahusu hivyo vya rangi ya chungwa.

| Kwa gramu 100, kibichi, kimemenywa | Muhogo | Kiazi lishe |
|---|---|---|
| Maji (gramu) | 60 | 77 |
| Nishati (kilokalori) | 160 | 86 |
| Wanga (gramu) | 38 | 20 |
| Protini (gramu) | 1.4 | 1.6 |
| Nyuzinyuzi (gramu) | 1.8 | 3.0 |
| Potasiamu (miligramu) | 271 | 337 |
| Kalsiamu (miligramu) | 16 | 30 |
| Madini ya chuma (miligramu) | 0.3 | 0.6 |
| Vitamini A (mikrogramu) | 1 | 709 |

Mstari wa mwisho ndio unaovuta macho, na ndio unaopotea kwenye kiazi cheupe. Hapo 709 inashuka karibu na sifuri.

Nguvu na kushiba

Muhogo una maji machache, kwa hiyo kipande kidogo kinabeba nguvu nyingi. Gramu 200, ambazo ni kipande cha kujaa kiganja, zinatoa kama kilokalori 320. Kwa anayeshinda na jembe, anayevuta nyavu au anayebeba zege, hiyo ni sifa kubwa: anakula asubuhi na anafika mchana bado yuko kazini. Mihogo ya kukaanga ya jioni, ile inayoliwa na chachandu, inapanda zaidi kwa sababu ya mafuta inayoyanywa.

Kiazi kitamu cha uzito huohuo kinatoa kilokalori 170 hivi. Maji na nyuzinyuzi zake zinajaza tumbo kabla nguvu haijawa nyingi. Ukitaka kilokalori 400, utazipata kwenye gramu 250 za muhogo au gramu 465 za kiazi. Gramu hizo 465 zitakuja na nyuzinyuzi kama gramu 14, wakati muhogo utakupa 4.5 tu. Kwa mwenye choo kigumu au anayetaka kupunguza uzito bila kukaa na njaa, tofauti hiyo anaiona ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo anayelinganisha vyakula hivi kwa kilo tu anajidanganya kidogo. Ukilinganisha kwa shibe ileile, kiazi kinasogea mbele karibu katika kila kirutubisho, na muhogo unabaki na ubora wake mmoja mkubwa, nguvu.

Protini: hapa vyote viwili ni dhaifu

Tuchukue mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, aamue zote zitoke kwenye muhogo. Atakula kilo moja na robo, na atapata protini gramu 17 au 18. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 48. Akifanya hivyohivyo kwa viazi vitamu, atakula zaidi ya kilo mbili na kupata kama gramu 37. Ni afadhali, lakini bado hazijatosha, na tumbo la mtoto halina nafasi ya kilo mbili za kitu chochote.

Basi muhogo na kiazi haviwezi kuwa mboga, kila kimoja kwa mwenzake. Kinachokamilisha sahani ni kinachokaa pembeni: maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, yai, maziwa, karanga. Watu wa Pwani walishalijua hili kwa vitendo. Muhogo wa nazi huliwa na samaki, na kisamvu hutiwa karanga. Chai ya rangi na kiazi kilichochemshwa, kifungua kinywa cha nyumba nyingi za bara Kenya na Tanzania, ndiyo sahani inayonipa wasiwasi, hasa ikiwa ya mtoto anayekwenda shule. Yai moja au kikombe cha maziwa kinaibadilisha kabisa.

Anayetegemea muhogo ana sababu moja zaidi ya kujali protini, nayo tutaikuta kwenye usalama.

Vitamini A na virutubisho vingine

Upungufu wa vitamini A huharibu macho na kupunguza uwezo wa mtoto kupambana na maradhi kama surua na kuhara. Ndiyo sababu watoto hupewa matone ya vitamini A kliniki kila baada ya miezi sita. Matone ni kinga ya muda, chakula ndicho cha kila siku.

Muhogo wa kawaida wenye nyama nyeupe hauna msaada hapa. Ipo mihogo ya manjano iliyozalishwa makusudi kuongeza vitamini A, na Nigeria ilianza kuwapa wakulima wake mbegu hizo mwaka 2011, lakini muhogo unaoukuta kwa wingi kwenye masoko yetu ni mweupe.

Kiazi lishe kina beta-karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji mikrogramu 300 kwa siku, na gramu 50 za kiazi kilichochemshwa, yaani vijiko vichache vya kula, vinaweza kumtosha. Mwanamke mtu mzima anahitaji 700, na kipande cha gramu 100 kinafika huko. Ni vyakula vichache vya bei ya chini vinavyofanya hivyo. Watafiti wanne walioendeleza kazi ya kuongeza virutubisho kwenye mazao, kiazi lishe kikiwemo, Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Mwanga ni Mganda, na mbegu za Kabode na Vita zilizotoka Uganda sasa zinalimwa pia Kenya.

Ukifika sokoni, usihukumu kwa ganda. Kuna viazi vyenye ganda jekundu na nyama nyeupe kama chaki, na vyenye ganda la rangi ya mchanga ambavyo ndani ni kama karoti. Mwombe muuzaji akate ncha ya kimoja. Rangi ikiwa ya chungwa iliyokolea, beta-karotini ni nyingi, ikipauka inapungua, na kwenye kiazi cheupe hakuna. Baadhi ya viazi lishe vina maji, havina ule ungaunga ambao wazee wengi wanaupenda. Watoto wanavipenda hivyohivyo kwa ulaini wake. Ukitaka rangi na ungaunga pamoja, ulizia Kabode.

Beta-karotini inahitaji mafuta kidogo ili mwili uifyonze. Tui la nazi, kijiko cha siagi ya karanga au tone la mafuta ya kula vinatosha. Chemsha ukiwa umefunika sufuria, maana kwa kuchemsha sehemu kubwa ya vitamini hiyo inabaki. Jua na muda wa kuhifadhi ndivyo vinavyoila. Michembe na matobolwa, viazi vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo Wasukuma huweka kwa ajili ya kiangazi, ni akiba nzuri ya wanga, lakini vikikaa ghalani miezi kadhaa usivihesabu kama chanzo cha vitamini A.

Kwenye vitamini C, muhogo haudharauliki. Ukiwa mbichi una kama miligramu 20 kwa gramu 100, ingawa kuchemsha hupunguza na kukausha unga huondoa karibu yote. Viazi vitamu hutofautiana sana kwa mbegu. Madini ya chuma na kalsiamu ni kidogo pande zote mbili. Yatafute kwenye dagaa, maharage na mboga za majani.

Sukari kwenye damu

Jina la kiazi kitamu linawatisha wenye kisukari kuliko inavyostahili. Wanauacha utamu na kukimbilia muhogo, wakati muhogo una wanga karibu mara mbili. Kipande cha gramu 150 cha muhogo kina wanga gramu 57. Kiazi cha uzito huohuo kina 30. Ulimi hausikii sukari kwenye muhogo, lakini wanga ule ukifika tumboni unageuka sukari vilevile.

Namna ya kupika nayo ina nguvu. Kiazi kitamu kilichochemshwa hupandisha sukari taratibu kuliko kilichochomwa kwenye mkaa au kuokwa, kwa sababu joto kavu la muda mrefu huvunja wanga wake kuwa sukari nyepesi. Ndiyo maana cha kuchoma kinakuwa kitamu hadi kutoa asali. Muhogo nao hutegemea mbegu na umbo lake: vipande vya kuchemsha havifanani na ugali laini wa unga wa muhogo, ambao husagika tumboni haraka.

Vyote viwili vinaweza kuwa kwenye sahani ya mwenye kisukari, ila kwa kipimo. Kipande kimoja, mboga za majani nyingi, na kitu chenye protini, halafu apime sukari saa mbili baadaye aone mwili wake unasemaje. Kipimo hicho cha nyumbani na ushauri wa daktari wake ndivyo vya kumwongoza.

Usalama na kazi ya kuandaa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kosa lake linaweza kumlemaza mtu maisha yote.

Muhogo hubeba kemikali iitwayo linamarini. Seli zake zikivunjwa kwa kukatwa, kutwangwa au kutafunwa, kimeng'enya kilichomo humohumo huigusa na mwishowe sumu ya sianidi hutoka. Sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo ikishaachiwa hupaa yenyewe au huenda na maji. Kazi yote ya kuandaa muhogo, iwe kuloweka, kutwanga, kuchachusha au kuanika, lengo lake ni hilo: seli zivunjike, sumu itoke, ipae kabla ya chakula kufika mdomoni.

Mihogo mitamu, kama Kibandameno ya pwani ya Kenya, ina kiasi kidogo. Menya magamba yote mawili, la nje la kahawia na lile nene la ndani, maana sumu nyingi imekaa huko. Kata vipande vidogo, anza na maji baridi, chemsha hadi viive kabisa, mwaga maji yake. Ukitaka kuweka nazi, iweke baada ya hapo.

Muhogo mchungu ni habari nyingine. Huo hauendi sufuriani moja kwa moja. Hulowekwa siku tatu au nne hadi ulainike, huvunjwavunjwa, hukaushwa, ndipo husagwa unga. Wakulima wanaupenda kwa sababu nguruwe pori na wezi hawausogelei, na mwenye ujuzi huula miaka yote bila tatizo. Hatari huja njaa inapobisha hodi na siku tatu zikawa moja. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla na usiorudi nyuma, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango nchini Kongo. Tanzania uliwapata watu wa Tarime wakati wa ukame wa miaka ya 1980. Wanaoumia zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Na hii ndiyo sababu ya protini niliyoiahidi: mwili huondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Anayekula muhogo usioandaliwa vizuri bila dagaa wala maharage anakosa kinga hiyo.

Sumu ya ghafla nayo ipo. Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula ugali wa unga wa muhogo. Baadhi yao walikuwa mazishini. Kichefuchefu, kutapika, kuumwa tumbo na kizunguzungu ndani ya saa chache baada ya mlo wa muhogo ni dalili za kumkimbiza mtu hospitali, si za kumlaza akapumzika.

Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni sianidi isiyozidi miligramu 10 kwa kilo. Nyumbani huwezi kupima, lakini ipo njia rahisi iliyobuniwa na mtafiti Howard Bradbury wa Australia na kutumika Popokabaka nchini Kongo kukomesha konzo. Weka unga kwenye bakuli, chora alama ulipofikia. Tia maji ukikoroga; unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha kutia. Utandaze juu ya mkeka au sinia, unene usizidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha songa ugali siku hiyohiyo. Sianidi iliyobaki itakuwa imepaa. Ningependa kila nyumba inayonunua unga wa muhogo usiojulikana ulikotoka iijue njia hii.

Kuna muhogo mbichi unaouzwa barabarani pamoja na karanga na nazi, na watu wazima wengi wanautafuna kila siku. Mbegu zinazouzwa hivyo kwa kawaida ni tamu, na kipande kidogo hakimwangushi mtu mzima mwenye afya. Lakini huwezi kuijua mbegu kwa macho, na ukame huongeza sumu hata kwenye muhogo mtamu. Ukiuma ukasikia uchungu, utoe mdomoni. Mtoto usimpe kabisa.

Tena, anayekula muhogo mara nyingi atumie chumvi yenye madini joto. Mabaki ya sianidi mwilini huizuia tezi ya shingo kupata madini hayo, na rovu hutokea kirahisi zaidi.

Kiazi kitamu hakina mlolongo huo. Kioshe, kichemshe, kule. Ganda likiwa safi linaliwa pia. Angalia tu kilichotobolewa na fukusi au kilichoota ukungu: huwa kichungu na kina sumu isiyoondoka kwa kupika, kwa hiyo kitupe. Wenye mawe kwenye figo wapunguze, kwa sababu kina oksaleti, kemikali inayochangia mawe hayo.

Majani

Ukinunua mizizi peke yake umeacha nusu ya zao shambani. Majani ya muhogo, kisamvu kwetu na sombe kwa ndugu zetu wa Bukavu na Goma, yana protini nyingi kuliko karibu mboga yoyote ya majani tunayoila, pamoja na chuma na vitamini A. Lakini yana sianidi kuliko hata mzizi. Lazima yatwangwe hasa, si kukatwakatwa, na yachemke kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi mwanzoni. Aliyepika kisamvu anajua kwamba ni kazi ya mchana kutwa, na kinu hakikwepeki.

Matembele, majani ya kiazi kitamu, yanaiva kwa dakika chache na kitunguu na nyanya. Yana protini kidogo kuliko kisamvu, lakini hayana hatari ile na yanachumwa tena na tena. Hata kiazi kikiwa cheupe, majani yake yana beta-karotini. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aina ya warfarini asiyaongeze ghafla bila kumwambia daktari, kwa kuwa yana vitamini K nyingi.

Kutunzika

Muhogo ukiwa ardhini ni benki. Unaweza kuuacha mwaka na nusu au zaidi na kuchimba shina moja kwa mlo mmoja. Ukishang'olewa, siku mbili au tatu zinatosha kuuharibu: unavunja mzizi unakuta mistari ya bluu nyeusi ndani. Muuzaji mwaminifu hukuvunjia ncha mbele yako. Nyama iwe nyeupe na ikatike kwa mlio. Usipoupika siku hiyo, umenye uuweke kwenye maji au uugandishe.

Kiazi kitamu kinakomaa mapema, miezi mitatu hadi mitano, na kikikaa sehemu kavu yenye hewa kinadumu wiki kadhaa. Ardhini hakivumilii kiangazi. Udongo ukipasuka fukusi huingia. Shambani muhogo nao una adui zake: magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Huu wa michirizi unaweza kuacha majani yakipendeza huku mzizi umeoza. Chukua mbegu kwa mkulima ambaye umeona mizizi yake imepasuliwa.

Kwa hali yako

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 anafaidika zaidi na kiazi lishe kilichopondwa, kikachanganywa na maziwa, yai au siagi ya karanga. Muhogo anaweza kupewa uliochemka vizuri, lakini usiwe uji wake wa kila siku. Utamshibisha na kumnyima protini.

Mjamzito na anayenyonyesha nao wataona faida ya kiazi lishe. Beta-karotini ya chakula haina ile hatari kwa mtoto aliye tumboni inayoletwa na vidonge vingi vya vitamini A au maini mengi, kwa sababu mwili hugeuza kiasi unachohitaji tu. Akipenda muhogo, ale mtamu uliochemshwa, na mbichi auache.

Anayefanya kazi nzito, au mwenye watu wengi na pesa kidogo, muhogo unampa nguvu nyingi kwa kilo. Pesa iliyobaki aielekeze kwenye dagaa na maharage, si kwenye soda.

Anayepunguza uzito au mwenye kisukari, kiazi cha kuchemsha kwa kipimo kina nafuu kuliko muhogo. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asichague kimoja kwa kusoma makala. Vyote vina potasiamu, na mtaalamu wa lishe wa hospitali ndiye atakayempangia kiasi.

Asiyevumilia ngano ana rafiki kwenye unga wa muhogo, unaotoa chapati na keki bila gluteni. Kwake muhimu ni kujua ulikosagwa.

Mwenye shamba dogo asichague. Viazi lishe vinaleta chakula ndani ya miezi minne, muhogo unabaki kulinda kiangazi, na matembele yanapatikana tangu mwanzo.

Aliye Ulaya au Marekani atakuta mambo yamegeuka: kiazi cha rangi ya chungwa ndicho cha kawaida dukani, na muhogo hupatikana umemenywa na kugandishwa kwenye maduka ya Waafrika na Waasia. Huo uliogandishwa nao uchemshwe hadi uive na maji yamwagwe.

Na kwa futari ambayo vyote viwili vinaingia sufuria moja, muhogo utangulie. Uchemshe peke yake, mwaga maji, kisha utie vipande vya kiazi lishe na tui jepesi. Kiazi kikianza kulainika, malizia na tui zito. Ukivitia pamoja tangu mwanzo, kiazi kitapondeka kabla muhogo haujaiva.